Milioni 13 za Joey Votto: kwa nini klabu humwacha nyota wake

Oktoba 1, 2023, siku ya mwisho ya msimu wa kawaida wa besiboli Marekani, vigogo wawili wa besi ya kwanza, kituo cha kwanza ambacho mpigaji hukimbilia, walivaa jezi za klabu zao kwa mara ya mwisho. Mjini Detroit, Miguel Cabrera, ambaye alikuwa ameshatangaza kustaafu, alipelekwa kulinda besi ya kwanza katika duru ya nane kati ya tisa za mechi. Mpira ulimjia ukiviringika chini, akaudaka, akamtoa mpigaji, kisha kocha akambadilisha huku uwanja mzima umesimama kumpigia makofi. Mjini St. Louis, siku hiyohiyo, Joey Votto wa Cincinnati Reds alitolewa nje na mwamuzi katika duru ya kwanza tu, kwa kubishana naye. Miaka 17 ya kuvaa jezi ya klabu moja ikaishia kwenye korido ya kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo.

Votto alikuwa ametimiza miaka 40 wiki tatu kabla. Hakuwa ametangaza kustaafu, alitaka kuendelea. Mashabiki wa Cincinnati walikuwa wamemwinukia na kumshangilia wiki moja kabla, Septemba 24, katika mechi ya mwisho ya nyumbani, bila kujua kama wanamuaga au wanamtia moyo. Novemba 4 jibu likatoka: klabu haitamwongezea mwaka.

Kwa msomaji aliyezoea Simba na Yanga, hilo linaonekana jepesi. Msimu umeisha, orodha za "thank you" zinatoka mtandaoni, mzee kapewa mkono wa kwaheri, maisha yanaendelea. Lakini uamuzi wa Reds ulikuwa na tabaka kadhaa, na wengi waliobishana kuhusu Votto walishika tabaka moja tu: je, bado anaweza kupiga mpira? Ni swali la haki. Ila si hilo lililokuwa mezani siku ile.

Tuanze na fedha, kwa sababu hapo ndipo watu wengi walipopotea.

Aprili 2012 Reds walimpa Votto mkataba wa nyongeza wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 225, wa kuanzia 2014 hadi 2023. Mwishoni mwa mkataba huo kulikuwa na kipengele cha mwaka wa hiari, yaani 2024, na hiari ilikuwa ya klabu, si ya mchezaji. Wakitaka aendelee, wangemlipa dola milioni 20. Wasipotaka, wangemlipa milioni 7 za kuvunja jungu na kila mtu angeshika njia yake.

Vyombo vya habari viliandika "milioni 20", na mabishano yakazunguka hapo: je, mzee wa miaka 40 anastahili milioni 20? Hesabu hiyo ina kasoro. Zile milioni 7 zilikuwa zimeshaondoka mfukoni mwa klabu tangu wino ulipokauka mwaka 2012. Akibaki zimo ndani ya ile 20, akiondoka analipwa vilevile. Kwa hiyo kilichokuwa kinaamuliwa ni tofauti yake, dola milioni 13. Swali likawa hili: je, mwaka mmoja wa Votto una thamani ya milioni 13 kwa klabu hii, kuliko kitu kingine chochote ambacho fedha hizo zinaweza kununua?

Ukiliuliza hivyo, mjadala unatulia kidogo. Unaacha kupima heshima ya mtu kwa dola. Unaanza kupima soko.

Reds si klabu tajiri. Besiboli ya Marekani haina ukomo wa mishahara. Kuna kodi tu kwa klabu zinazovuka kiwango fulani, na kwa msimu wa 2024 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 237. Cincinnati hawakuwa karibu na mstari huo hata kwa darubini. Tena Machi 2023 kampuni mama ya kituo kilichokuwa kikirusha mechi zao iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika, na fedha za televisheni ndizo uti wa mgongo wa klabu za miji midogo. Mwaka huo Votto pekee alikuwa akilipwa milioni 25, na hakuna mwenzake kikosini aliyemkaribia. Klabu ya New York ikikosea kwa milioni 13, inameza mate na kusonga mbele. Cincinnati ikikosea, inakosa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira.

Tabaka la pili ni nafasi, na hapa panahitaji maelezo kidogo kwa sababu usajili wa besiboli hauendi kama wa soka.

Kila klabu ya ligi kuu ina orodha ya wachezaji 40. Kati yao 26 ndio wanaokuwa kikosini siku hadi siku, wengine wako timu za chini au ni majeruhi. Ile 40 ndiyo ngome. Aliye ndani yake analindwa, na aliye nje anaweza kunyakuliwa. Kila Desemba kuna uteuzi maalumu ambao klabu nyingine inaweza kumchukua kijana wako aliyekaa muda wa kutosha katika timu za chini bila kuingizwa kwenye orodha hiyo. Inalipa dola 100,000 tu, kwa sharti la kumweka kikosini msimu mzima. Ndiyo maana katikati ya Novemba kila ofisi ya besiboli inahesabu majina kama mama anayegawa nyama ya sikukuu. Ukimlinda huyu, yule unamwacha wazi.

Juu ya hapo, wakati wa msimu majeruhi wa muda mrefu huondolewa kwenye hesabu ya 40. Siku chache baada ya fainali kumalizika, wote wanarudi kuhesabiwa. Klabu iliyokuwa ikipumua Septemba inajikuta Novemba imebanwa kama daladala ya saa moja asubuhi. Mwaka 2023 fainali ziliisha Novemba 1, na uamuzi wa miaka ya hiari ulitakiwa kufanyika ndani ya siku tano. Tangazo la Reds lilitoka siku ya tatu.

Na kubanwa kwao kulikuwa kubanwa kweli. Mwaka 2022 klabu hiyo ilipoteza mechi 100. Mwaka uliofuata ilishinda 82 na kufungwa 80, na waliofanya kazi hiyo walikuwa damu changa. Matt McLain aliingia Mei. Elly De La Cruz, kijana kutoka Jamhuri ya Dominika mwenye miguu mirefu na mbio zinazokufanya usimame kitini, aliingia Juni. Christian Encarnacion-Strand aliingia Julai, Noelvi Marte Agosti. Spencer Steer alikuwepo tangu mwanzo, na Jonathan India, aliyekuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi ya National, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mwaka 2021, naye yupo. Sita hawa wote ni watu wa eneo la ndani, na nafasi za ndani ni nne, besi ya kwanza ikiwa mojawapo. Ongeza nafasi ya mpigaji maalumu, yule anayepiga bila kulinda, na bado hazitoshi.

Klabu ilipotoa maelezo yake Novemba ilisema jambo hilohilo: kwa kikosi kilichopo, haiwezi kumuahidi Votto muda wa kucheza anaostahili. Wengine waliona ni lugha ya kiofisi ya kumfunika mtu shuka. Mimi nadhani walikuwa wakweli. Mpigaji hawezi kukaa benchi wiki nzima kisha aamke na kupiga. Na kila mara Votto anapoenda kupiga, Encarnacion-Strand haendi.

Lakini bado alikuwa anaweza? Namba za mwisho zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Katika mechi 65 za 2023 wastani wake wa kupiga ulikuwa .202, yaani mpira salama mara mbili tu katika kila majaribio kumi. Hapohapo alipiga homurani 14, mipira inayoruka uzio, idadi nzuri kwa mechi chache vile. Kipimo alichokuwa mfalme wake, cha kufika besi kwa njia yoyote, kilikuwa .314. Kwa maisha yake yote ya mchezo kipimo hicho ni .409. Mara saba aliongoza ligi yake ya National kwa kipimo hicho.

Hapa inafaa kumwona mtu mwenyewe akiwa kazini. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika chini ya nusu sekunde, na katika muda huo mpigaji anatakiwa asome unazunguka vipi, aamue kama utapita eneo halali, kisha azungushe gongo. Wengi wakishakosa mara mbili wanakaza meno na kuzungusha kwa nguvu zilezile. Votto alifanya kinyume. Alipandisha mikono juu ya mpini, akafupisha gongo kama mtu anayeshika jembe karibu na bati, na kuanza kuharibu mipira mmoja baada ya mwingine, kuisukuma pembeni, mpaka mrushaji achoke au akosee. Mwaka 2010 hakupiga hata mpira mmoja rahisi wa kupaa juu ndani ya eneo la besi, ule ambao mlinzi anausubiri kama embe lililoiva. Msimu mzima, hata mmoja.

Ufundi huo uko machoni na kichwani, ndiyo maana ulidumu. Ila gongo linazungushwa na nyonga na bega. Agosti 2022 alipasuliwa bega la kushoto, na hakurudi uwanjani hadi Juni 19, 2023. Siku ya kurudi alipiga homurani, Reds wakiwa katikati ya mlolongo wa ushindi wa mechi 12, na Cincinnati ikaamini kwamba mzee amerudi na ngwe yake ya lala salama. Kwa wiki chache ilionekana hivyo. Kisha mipira aliyokuwa akiigonga kwa kishindo ikaanza kupita.

Na uzee wa mchezaji hauteremki kama ngazi. Mwaka 2019 na 2020 watu walishamzika Votto. Mwaka 2021, akiwa na miaka 37, akapiga homurani 36, zikiwemo za mechi saba mfululizo mwezi Julai. Waliosema mwaka 2023 kwamba atafufuka tena hawakuwa wanaota, walikuwa wamewahi kuona. Ila kati ya Votto wa 2021 na huyu kulikuwa na kisu cha daktari, na ofisi ya klabu haiwezi kulipa milioni 13 kwa msingi wa kumbukumbu.

Sasa nifike kwenye tabaka linaloniuma zaidi, na ambalo mashabiki wengi wa Marekani wenyewe hulipita haraka.

Watu husema: wachezaji hawa wanalipwa mamilioni uzeeni kwa kazi wasiyoifanya, kwa hiyo klabu ikikata, imejiokoa. Tazama upande wa pili wa mfumo huo. Mchezaji akiingia ligi kuu, miaka mitatu ya kwanza klabu inamlipa karibu na kima cha chini, kiasi inachopanga yenyewe. Miaka mingine mitatu mshahara unaamuliwa kwa mazungumzo au kwa msuluhishi, bado chini ya thamani yake sokoni. Ni baada ya miaka sita ya utumishi ndipo anakuwa mchezaji huru na kuuza kipaji chake kwa anayetaka. Na wengi huingia wakiwa na miaka 23 au 24. Hesabu mwenyewe: uhuru unafika karibu na miaka 30, wakati mwili tayari umeanza kunong'ona.

Votto alichaguliwa na Reds mwaka 2002 na kuingia ligi kuu Septemba 2007. Mwaka 2010 akawa mchezaji bora wa ligi yake, akipata kura 31 kati ya 32 za nafasi ya kwanza. Alipiga homurani 37 na wastani wa .324, na klabu ikashinda kundi lake. Mshahara wake mwaka huo ulikuwa zaidi kidogo ya nusu milioni ya dola. Mwaka wa kiwango cha juu kabisa alilipwa nusu milioni, na mwaka wa wastani wa .202 alilipwa milioni 25.

Kwa hiyo ule mkataba wa 2012 haukuwa zawadi. Kwa sehemu ulikuwa deni la nyuma lililopangwa kulipwa mbele. Klabu nyingi zinafanya hivi: zinavuna ujana kwa bei ya chini, kisha zinauza ahadi ya uzee kwa bei ya juu ili nyota asiondoke. Mkataba wa miaka 10 ukisainiwa, pande zote zinajua kwamba miaka ya mwisho itakuwa mibaya. Hakuna aliyedanganywa. Ndiyo sababu sikubali kauli kwamba Votto "aliila" klabu. Mwaka 2017, tayari yuko ndani ya mkataba huo, alikosa tuzo ya mchezaji bora kwa pointi mbili tu, 300 dhidi ya 302 za Giancarlo Stanton.

Alikuwa pia na haki ya kukataa kuuzwa, ambayo kila mchezaji wa besiboli huipata akitimiza miaka 10 ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja. Miaka ya ukame ilikuwa mingi Cincinnati, na angeweza kuomba aende kunusa ubingwa kwingine. Hakuomba. Alicheza mechi 2,056 za ligi kuu, zote na Reds, akapiga homurani 356, na hakuwahi kushinda hata hatua moja ya mtoano. Mwaka 2020 walitolewa na Atlanta bila kupata hata pointi moja katika duru 22. Mtu huyo ameishi Cincinnati kwa hiari.

Kwa hiyo nani alikosea? Mezani, nadhani Reds walikuwa sahihi. Milioni 13 kwa mpigaji wa miaka 40 aliyetoka kwenye upasuaji wa bega, katika kikosi kilichojaa vijana, haziingii akilini. Walipokosea ni saa. Uamuzi kama huu haupikwi kwa siku tatu. Ofisi inayopanga kikosi cha 2024 ilikuwa na picha tangu Septemba, na Votto alijua vilevile kwamba milango inafungwa. Wangekaa naye mapema wakaamua pamoja, Septemba 24 ingekuwa siku ya kuagana kweli, na mashabiki wangejua kile wanachokipigia makofi. Detroit walifanya hivyo na Cabrera. Ni kweli kwamba Cabrera ndiye aliyetaka kustaafu, na Votto hakutaka. Hilo linaifanya kazi kuwa ngumu zaidi, halifuti wajibu.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi mahesabu ya Novemba yanavyoweza kugeuka. Desemba klabu ilimsajili Jeimer Candelario, mpigaji wa miaka 30 anayecheza besi ya tatu na ya kwanza, kwa miaka mitatu na dola milioni 45. Mashabiki wakauliza, na si bure: mlisema hakuna nafasi? Fedha nyingine zilienda kwa warushaji, Nick Martinez, Emilio Pagán na Frankie Montas, ambako pengo lilikuwa wazi.

Halafu Machi 2024 ule msitu wa vijana ukaanza kupukutika. Marte alifungiwa mechi 80 kwa dawa zilizopigwa marufuku. McLain aliumia bega na kukosa msimu mzima. Encarnacion-Strand alicheza mechi 29 tu kabla mkono haujamtoa. Klabu iliyokuwa na wachezaji wa ndani hadi haijui iwaweke wapi ilimaliza na ushindi 77 na vipigo 85, na Septemba kocha David Bell akafukuzwa. Candelario mwenyewe aliachwa Juni 2025 huku mshahara wake ukiendelea kulipwa. Ukiyasoma haya unaweza kusema wangembakiza Votto. Lakini hakuna ofisi inayoweza kusajili kwa kutabiri bega la nani litachanika masika, na kile kilichompata Votto mwenyewe hakiungi mkono hoja hiyo.

Machi 2024 alisaini Toronto Blue Jays, klabu ya mji alikozaliwa, kwa mkataba wa timu za chini. Hakupewa nafasi kwenye orodha ya 40. Kwa mtu mwenye namba zake, hiyo ni kuanza upya kutoka mlangoni, pamoja na vijana wa miaka 20. Machi 17, katika mechi ya maandalizi dhidi ya Philadelphia, alisimama mbele ya Zack Wheeler, mmoja wa warushaji wakali kabisa wa zama hizi. Mpira wa kwanza kabisa aliotupiwa akaupeleka nje ya uzio. Mechi hiyohiyo, akiwa kwenye benchi la wachezaji, alikanyaga gongo lililokuwa sakafuni, kifundo cha mguu kikageuka.

Jeraha hilo lilimla miezi. Aliporudi alicheza timu za chini, mwishowe Buffalo, hatua moja kabla ya ligi kuu, na mipira haikutii. Simu kutoka Toronto haikuja. Agosti 21, 2024 alijirekodi kwa simu kwenye maegesho ya magari ya uwanja wa Buffalo na kusema kwamba anatundika daluga, na kwamba si mzuri tena mchezoni. Alilisema wazi namna hiyo.

Wiki hiyo Blue Jays walikuwa nyumbani, mwendo wa kama kilomita 160 kutoka kwenye maegesho yale. Wageni wao walikuwa Cincinnati Reds.